Kifungu cha Kumi na Nne

Miaka kumi na mmoja nilisoma presha
kwenye geji yenye ufa kiooni,
kiwanda cha sabuni, Barabara ya Lunga Lunga,
na mshale haukuwahi kunidanganya:
ukipanda, umepanda;
ukishuka, kuna mahali panavuja.
Nilikuwa na spana namba kumi na tisa
iliyokwisha kuzoea mkunjo wa kiganja changu.

Leo nina kadi ya plastiki shingoni:
Mhandisi Nasipwondi, Viwanda na Teknolojia Safi,
ghorofa ya tisa, ambako lifti hugoma Jumatatu
na ukipanda juu ya kiti, upande wa mashariki,
utaiona dohani yetu ya zamani ikipumua.

Mshahara umepungua. Mama aliniuliza kwenye simu,
"Umefukuzwa?"
Nikamwambia nimepanda.
"Umepandaje na pesa zimeshuka?"
Sikuwa na geji ya kumwonyesha.

Watu hupenda niseme ulikuwa wito.
Haukuwa wito. Zilikuwa shuka.
Shuka za Kithome, mchochea boila wa zamu ya usiku,
zilizoanikwa Mukuru kwa Njenga zikiwa nyeupe
na kuanuliwa zikiwa na madoa ya masizi
ya kuni nilizoagiza mimi, kwa sahihi yangu,
mkaratusi mbichi, kwa kuwa mkavu ulikuwa ghali.
Mkewe hakunilaumu.
Alizikung'uta mara mbili, akazirudisha kwenye beseni.
Alifulia sabuni yetu.

Mara tatu nilimwomba mkurugenzi mtambo mpya.
Mara tatu akanijibu kwa upole,
"Jirani zetu wakibadilisha, nasi tutabadilisha."
Jirani naye alikuwa akitungoja sisi.
Ndipo nilipojua kuna vali
ambayo haiko kiwandani.

Nimeikuta. Iko ukurasa wa ishirini na mbili wa rasimu:
*Kila kiwanda chenye boila, ni lazima…*
Niliandika *lazima* mwezi wa Machi.
Kikao cha kwanza kikaligeuza likawa *kitatakiwa*.
Cha pili, *kitahimizwa*.
Cha tatu, baada ya chai na sambusa,
bwana mmoja mwenye sauti ya pamba
akaomba, jamani, kitu kidogo tu,
tuongeze *pale inapowezekana*,
na chumba kizima kikashusha pumzi.

Niliujua mlio ule.
Ndivyo boila inavyolia gasketi ikianza kuoza.
Nikapapasa mfuko wa koti nikitafuta spana,
nikakuta kalamu.

Kikao cha nne sikusema neno.
Niandike hilo pia. Kichwa kiliniuma,
na mkubwa wangu alikuwa ameketi karibu,
na nilikunywa maji glasi nne
kama mtu aliyekuja kwa ajili ya maji.

Jioni ile Kithome akapiga.
"Mhandisi, sheria yako imefika wapi?"
"Imekwama kwenye kitenzi."
Kimya. Kisha: "Kitenzi ni kitengo gani?
Mkubwa wake ni nani, tumwone?"
Akacheka, au akakohoa;
kwake siku hizi sauti ni ileile.

Nilimwomba mkewe shuka moja
niikunjue mezani mbele ya waheshimiwa.
Akakataa.
"Wakibaki nayo, sisi tutalalia nini?"

Basi kesho, kikao cha tano, naenda na neno tupu.
Silabi tatu.
Usiku huu nimekaa nalo chini ya taa, nalikaza,
robo mzunguko, nasikiliza,
robo mzunguko tena,
kama unavyokaza boliti ya chuma kikuukuu:
taratibu,
maana ukilazimisha, inakatika.